Poti ya Kumi na Saba

Simu ya mezani kwangu ililia kila asubuhi saa mbili kamili kwa miaka minne. Jumanne moja haikulia.

Msinicheke. Ndiyo salamu pekee niliyokuwa napata. Mimi ni fundi wa mtandao, ghorofa ya nne, chumba cha swichi, peke yangu. Nikirudi nyumbani naongea na sufuria.

Mpigaji alikuwa mama wa masjala, kule chini kwenye mafaili.

"Umeamkaje, mwanangu? Umekunywa chai?"

Basi, anakata. Magoti yalimsumbua, ngazi hapandi. Na mimi, aibu yangu hii, sikuwahi kushuka.

Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Nikanuna. Hata yeye kanichoka!

Wiki hiyo nilikuwa nachora ramani ya mtandao. Swichi, vile visanduku vinavyounganisha nyaya za kompyuta na simu, huwa zinaamkiana zenyewe, kila moja inaorodhesha majirani zake. Njia za kuamkiana ni mbili. CDP inaamkia kila dakika, ila inaelewana na swichi za kampuni iliyoibuni tu. LLDP ni kila nusu dakika na haibagui mtu, lakini kwetu ilikuwa imezimwa.

Jumatatu jioni nilitumia CDP peke yake. Kila poti, yaani tundu la waya, isiyo na jirani nikaifunga, nikidhani haitumiki. Nikajipongeza.

Ijumaa bosi akachungulia mlangoni. "Umelinganisha na LLDP?"

"Bado, mkuu."

"Sasa unangoja nini?"

Nikafungua poti zote, nikawasha LLDP. Haikupita dakika, poti ya kumi na saba ikaleta jirani wa kampuni nyingine. Jina: MASJALA.

Ndiyo swichi ya kule chini, simu ya mama hupitia humo. Kumbe hakunichoka. Nilimfungia mimi, kwa mkono wangu.

Nikashuka ngazi mbio. Nikamkuta mfagizi tu.

"Mama? Kastaafu jana, hukuambiwa? Kakuachia karatasi."

*"Mwanangu, nilitaka kukuaga. Naona simu wamenikatia mapema, ndiyo kustaafu huko. Usiache kunywa chai."*

Nililia mbele ya mfagizi, sifichi.

Nikakimbilia ofisi ya utumishi kuomba namba yake. Wakafungua faili lake, wakaniandikia. Kuitazama, ni ile ile ya masjala.

Nikaipiga hivyo hivyo. Sasa ilikuwa nzima. Ikalia weee, mfagizi akapokea.

Ndugu yangu, mtu akikunyamazia, usinune kwanza. Shuka ngazi ukamwone.

Mimi nilichelewa siku moja.