Nilimpeleka Mke Wangu Baharini Mwezi Mei

Jamani, kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Kiburi changu ndicho kilichoniponza.

Mimi ni bwana shamba huku Kasulu. Wakulima wa kata yangu ya Makere hawaweki mbegu ardhini mpaka niseme neno. Mke wangu, Mama Neema, ni nesi, mzaliwa wa Kitanga, hukuhuku Kasulu. Miaka tisa ya ndoa ameniomba kitu kimoja tu: aione bahari. Mwaka huu akapata likizo, akaniambia, "Mwezi chagua wewe, mambo ya mvua ni yako."

Nikachagua Mei! Huku kwetu Mei mvua zinakata, maharage yanaanikwa uani, anga safi. Nikadhani nchi nzima iko hivyo.

Jirani yetu, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Pangani, alinionya. "Shemeji, Mei kwetu ni masika. Hata samaki wanatafuta mwamvuli."

Nikamcheka. "Mvua utanifundisha mimi?" Moyoni nikasema huyu ananionea wivu tu. Loh!

Basi, siku mbili barabarani, Mama Neema na miwani yake mpya ya jua na gauni la kitenge alilolishonesha kwa safari. Tunafika ufukweni, mvua inamwagika kwa ndoo. Bahari yenyewe rangi ya kahawia, mawingu yameikalia.

"Baba Neema, bahari ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Mbona kama Mto Malagarasi?"

Nikamwambia mvua itakata saa nane. Kesho yake nikamwambia vilevile. Siku ya tatu akaniuliza, "Saa nane ya mwezi gani?"

Siku tano tumekaa chumbani gesti tunatazamana! Mama mmoja wa usafi akatuonea huruma. "Nyie hamkuuliza mtu? Kwani baba unafanya kazi gani?"

Mke wangu akadakia, "Huwaambia watu mvua inaisha lini."

Yule mama alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Mimi nikajifanya natafuta soksi.

Njiani kurudi nilisubiri anigombeze, nami nijitetee. Wapi! Akasinzia zake dirishani. Tunaingia Kasulu, jua linawaka vizuri kabisa, likaniudhi.

Jumapili akina mama wa kwaya wakamzunguka nje ya kanisa. "Mama Neema, tuambie, bahari ikoje?"

Nikainamia viatu vyangu.

"Nzuri mno," akasema. "Jua tele, maji ya bluu mpaka macho yanachoka. Mume wangu alichagua mwezi wenyewe."

Yesu wangu! Kanistiri mbele za watu, na bahari ya namna hiyo hajaiona. Bora angenizaba kofi. Nilizunguka nyuma ya kanisa nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Likizo yake imekwisha, nyingine mpaka mwakani. Ndugu zangu wa bara, kujua mvua ya kwako si kujua mvua ya wenzako. Muulize mtu wa pwani, na akikujibu, funga mdomo umsikilize. Usije ukasifiwa mbele za watu kwa kitu ambacho mkeo hakukipata.