Chungu cha Kumi

Wenzangu, jambo hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu, maana Dodoma nzima wananicheka.

Mdachi mmoja alikuja kukusanya dundu, wale wanaoviringisha mavi ya ng'ombe, akaniajiri mimi. Kazi tamu, tena iliniepusha na kubeba vyuma vya reli. Tulifukia vyungu kumi malishoni, midomo sawa na ardhi. Juu ya kila kimoja akaning'iniza mwenyewe kifurushi cha kitambaa, ili dundu akifuata harufu ya mavi atumbukie.

Asubuhi nikatangulia kukagua. Vyungu tisa vimejaa, cha kumi hakina hata mmoja! Nikaingiwa na hofu: Mdachi atasema nimefukia vibaya, nami nitarudishwa relini. Lakini mimi ni Mgogo, mtoto wa wafugaji. Kwetu mtu zizi lake likiwa tupu, wenye ng'ombe humpa wa kufuga. Basi nikachota dundu kwa kofia yangu, nikakijaza kile chungu maskini, nikavaa kofia na kusimama kando kama mtu mwema.

Mdachi akafika, akainama juu ya chungu cha kumi.

"Katika kifurushi hiki nilifunga udongo mtupu," akasema, "nijue kama dundu huja pasipo mavi. Sasa hawa wamefuata nini?"

"Mungu ndiye ajuaye, Bwana," nikajibu, na kwa heshima nikavua kofia.

Dundu watatu wakadondoka miguuni pake. Wa nne akabaki kichwani mwangu, anatafuta njia.