Vipimo Vilivyokaa Jikoni

Katika kituo chetu cha afya, huku juu milimani Masisi, mimi ndiye ninayepima damu. Kipimo cha UKIMWI ni kikaratasi kilichopakwa vipande vya virusi. Havina ugonjwa: hutengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya virusi, na kazi yake ni kunasa kingamwili zilizomo kwenye damu ya mgonjwa. Joto likivipata, vimekwisha.

Wiki hiyo ya mvua kila niliyempima alikuwa mzima. Wenzangu walimshukuru Mungu, mimi niliogopa. Huku hakuna wiki safi namna ile. Nikapima damu ya baba mmoja tunayemtibu UKIMWI miaka yote. Mzima!

Nikamwendea mama anayetunza stoo, nimewaka. "Boksi ya vipimo uliiweka wapi?"

"Iko jikoni, dada, juu ya moto, baridi isiiozeshe. Njo vile tunachungaka mbegu ya maharagi."

 Nilikimbilia wodi ya wazazi. Mama aliyejifungua asubuhi alinitabasamia, na juu ya kichwa chake mfuko wa damu ya kuongezewa, niliyoipima mwenyewe kwa vipimo vile, ulikuwa umebaki mtupu.