Vibanda Nilivyovigandisha kwa Gundi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio hunipata moto mpaka leo. Ni siku ambayo mzee mmoja, aliyeacha sahani yake ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa yanayopikwa na maharagwe, aliniambia mbele ya wanawake wanane nivunje kwa mikono yangu kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Nilimchukia mzee yule kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikuona ukirudi kutoka kwa fundi anayekufundisha cherehani umefura, ukatupa gauni kitandani, ukasema amekufumulia mshono wote ulioushona na kwake hutarudi tena. Keti hapa. Hilo gauni tutalifikia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa hapa Machakos mjini. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia mama yangu kupika chapati na maharagwe katika kibanda chake kando ya barabara. Kibanda chenyewe kilikuwa mabati manne, benchi mbili na karatasi ya nailoni ya kuzuia mvua. Lakini hicho ndicho kilichonilea mimi na ndugu zangu wawili. Hatukuwa na kingine.

Sasa, jirani yetu muuza mitumba alifungua mzigo wa nguo za watoto akakuta ndani yake mfuko wa vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea, vyenye vichunusi juu, ambavyo ukivibana hushikana na ukivivuta huachana. Hakujua amuuzie nani. Nilimpa chapati mbili, naye akanipa mfuko mzima, na nadhani mpaka leo anaamini kwamba yeye ndiye aliyenipunja.

Mwingine angejenga nyumba au gari. Mimi nilijenga vibanda vya chakula, kwa maana hicho ndicho nilichokijua. Gurudumu dogo likilazwa likawa jiko. Kipande chekundu kinachopitisha mwanga kikawa kaa la moto ndani yake. Vipande vyeupe vya mviringo vikawa chapati, navyo nilivipanga kimoja juu ya kingine kama zinavyopangwa kwenye sahani. Wateja wakipungua alasiri, nilikaa juu ya jerikeni la maji nikajenga. Watu walinicheka, usidhani hawakunicheka. Mama yangu alikuwa akisema, "Nduku, Mungu akupe mtoto upesi, hiyo vitofali ipate mwenyewe."

Shida yangu ilikuwa moja. Vitofali vilikuwa vichache, hivyo ili kujenga kibanda cha leo ilinibidi nibomoe cha jana. Kila nikibomoa niliumia kama ninayeng'olewa jino. Nilitamani sana nijenge kitu kimoja kisichobomolewa.

Basi ikaja habari mbaya. Mwenyekiti wa soko, mtu wa maneno machache na kofia isiyotoka kichwani, alikuja siku ya Alhamisi akawakusanya wanawake wanane waliokuwa wakipika pale barabarani.

"Akina mama, hapa barabarani mnatoka, hiyo imeisha," alisema. "Kuna ile mahali nyembamba nyuma ya soko. Lakini watu wa mitumba wako kando yake, na wanasema moshi yenu itaharibu nguo. Jumatatu mnionyeshe vile vibanda nane zitakaa hapo na moshi isiingie kwa nguo. Mkishindwa, mahali yote nitawapatia wao."

Hakuna aliyejua kuchora. Wanawake waliangaliana, halafu mmoja baada ya mwingine wakaniangalia mimi na mfuko wangu. Mama Halima, ambaye wazazi wake walitoka pwani na aliyekuwa akipika mahamri na pilau, ndiye aliyesema. "Nduku ana vitofali vyake. Atujengee, mwenyekiti aone kwa macho."

Mwanangu, kichwa kiliniota pembe. Watu walionicheka sasa walinihitaji! Nilijifungia nyumbani Ijumaa kutwa. Sikumuuliza mtu lolote. Nilijenga vibanda vinane juu ya ubao, vimejipanga kama wanafunzi kwenye paredi, majiko yote mbele upande wa lango la kuingilia ili wapita njia wayaone yaking'aa. Kibanda cha mama yangu nilikiweka cha kwanza kabisa langoni. Nacho, sitakuficha, kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

Kisha nikafanya la ajabu. Nilikwenda kwa fundi wa viatu nikaomba gundi yake kali, nikarudi nikavigandisha vitofali vyote, kimoja kimoja. Vikashikana vikawa kitu kimoja. Nilijiambia, hiki sasa hakuna wa kukigusa.

Jumamosi saa nne nilikibeba hadi kibandani nikakiweka juu ya benchi. Wanawake waliinama kutazama. Walisema ni kizuri, kweli kizuri, halafu kila mmoja akaanza kutafuta chake. Mwishowe Mama Halima alinyoosha kidole. "Karai langu la mahamri umeliweka hapa, karibu na watu wa nguo. Mafuta yakiruka?" Syombua, muuza muthokoi, akauliza, "Na mimi naingilia wapi? Mimi hupakua na mkono wa kushoto, na upande wa kushoto umeniwekea ukuta."

Nilianza kueleza kwamba hayo ni mambo madogo. Hapo ndipo Mzee Kimeu alipoweka kijiko chini.

Mzee Kimeu alikuwa mchonga vinyago. Alikula muthokoi kwa Syombua kila siku, akanywa chai kwa mama yangu kila siku, na kila siku akasema chai ni baridi. Alikuja akainama, vumbi la mbao likiwa limejaa kwenye nyusi, akatazama ubao wangu kwa muda mrefu.

"Mwiitu wakwa," alisema, na kwa Kikamba hivyo ndivyo mzee anavyomwita binti yake, "hii upepo ya hapa hutoka wapi?"

Nilionyesha upande wa vilima vya Iveti.

"Na hapa kwa ubao yako, Iveti ni wapi?"

Nilionyesha lango.

"Na jiko zote umeweka wapi?"

Kidole changu kilikuwa bado pale pale. Majiko yote yalikuwa langoni. Upepo ungechukua moshi wa majiko manane na kuupitisha juu ya wala chakula, kisha moja kwa moja kwenye nguo za watu. Nilikuwa nimeishi pale maisha yangu yote, upepo ule ukinipiga usoni kila alasiri, na sikuuweka kwenye kazi yangu.

"Na hii kubwa ni ya nani?" aliuliza.

Wanawake wote walijua ni ya nani. Mama yangu aliinamisha uso akaanza kupangusa benchi iliyokuwa safi.

"Geuza, basi," alisema mzee. "Leo ni Jumamosi tu. Vai thina." Yaani, hakuna shida.

"Haigeuki," nilisema. "Nimetia gundi."

Mzee Kimeu alikaa chini. Nilidhani atacheka, lakini hakucheka. "Mimi nikikata mti vibaya, umekatika," alisema. "Pua ya twiga ikitoka, siwezi rudisha. Miaka arobaini nimetamani kupata mti mmoja tu wenye unaweza kunisamehe. Wewe Mungu amekupatia kitu inasamehe kila siku, na wewe umeenda kutia gundi."

"Ni zangu!" nilisema, kwa sauti ambayo hakuna mtoto wa Kikamba anayeitumia kwa mzee. Mama yangu aligeuka akaniita jina langu lote, na ukimsikia mama akikuita jina lote unajua umefika mwisho wa barabara. Niliomba radhi. Mzee alitikisa kichwa tu, akasema neno moja.

"Vunja."

Nilichukua kisu cha mama cha kukatia kabeji nikaanza kuchokoa. Nililia, mwanangu, nililia kwa hasira na kwa aibu, na hakuna aliyenibembeleza, maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Vingine viliachana vikiwa na makovu ya gundi, vingine vilipasuka vipande. Nilipomaliza, karibu nusu ya vitofali vyangu vilikuwa takataka. Visingetosha vibanda vinane, wala vitano. Nilipoinua macho nikaona Mzee Kimeu ameshaondoka, na chai yake ameiacha nusu. Nilijua nimewaangusha wale wanawake, na kwamba Jumanne mama yangu hatakuwa na pa kuwasha jiko.

Adhuhuri alirudi. Alikuwa na msumeno mdogo, na mfukoni mwa koti vipande vya mti alivyokuwa akivitupa baada ya kuchonga. Alikaa kando yangu bila salamu. "Leta moja nipime," alisema. Akakata vitofali vya mbao vya kimo kile kile, nami nikavipiga msasa. Havikuwa na vichunusi, havikushikana, vilikaa tu vinapowekwa. Nilipomwambia hilo alinijibu kwamba hata mabati ya mama yangu yameshikwa na mawe juu, na bado hayajaenda popote.

Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nilikwenda kwa kila mwanamke nikauliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa nimekula kwa Syombua miaka kumi bila kujua kwamba ni mashoto. Sikujua kwamba Mama Halima hukanda unga akiwa amesimama kwa sababu ya mgongo, wala kwamba muuza matumbo huhitaji maji mara mbili kuliko wengine. Kila jibu lilinibomolea kitu, nami nikabomoa, nikajenga, nikabomoa tena. Vidole viliuma. Nilishangaa kwamba safari ya nne au ya tano, kubomoa hakukuniuma tena.

Jumapili wanawake walikuja moja kwa moja kutoka kanisani na mavazi yao mazuri, Mama Halima akatokea nyumbani kwake, wakazunguka ubao wakaanza kusogeza vibanda vyao wenyewe. Waligombana, usiniulize jinsi walivyogombana. Lakini kufikia jioni vibanda vyote vilikuwa vimeshuka upande wa chini, kuwapita wauza nguo, na benchi za wala chakula zimepanda juu upande wa lango. Upepo ungechukua moshi na kuondoka nao bila kukuta nguo ya mtu.

Jumatatu mwenyekiti alikuja na kofia yake. Alitazama, akauliza upepo, tukamjibu. Akauliza moto, tukamjibu. Nilianza kupumua. Kisha akauliza, "Na mvua? Hapo chini ndiyo maji yote huteremkia. Si jiko zote zitazima?"

Tulikuwa tumesahau mvua! Wanawake wanane na mchonga vinyago mmoja, na hakuna aliyekumbuka mvua. Mwenyekiti alianza kunyooka aondoke. Ndipo mama yangu, ambaye siku zote hizo hakuwa amegusa ubao, akanyoosha mkono. Akang'oa ukuta wa kibanda chake mwenyewe, akakipunguza kikawa nusu, akausogeza ukuta ndani, na pale ukuta ulipokuwa ikabaki njia nyembamba kutoka juu hadi chini.

"Maji ipite hapo," alisema. "Mimi na chapati zangu tutatosha."

Mwenyekiti alitazama ile njia. Akachuchumaa. Mwanangu, yule mtu mzima alivua kofia, akaiweka chini, akachukua kitofali kimoja cha mbao cha Mzee Kimeu akakisogeza kidogo, akisema njia ikipinda hapa maji yatapita vizuri zaidi. Akasogeza na kingine. Hapo nikajua tumepata mahali petu. Kama ningekuwa bado na vile vibanda vyangu vya gundi, angeuliza habari ya mvua, tusingekuwa na cha kusogeza, naye angekwenda zake.

Tulihama wiki hiyo. Mama yangu alipika katika kibanda kile kidogo hadi magoti yalipokataa, na maji ya mvua yalipita kando yake kila msimu bila kuzima jiko. Sikuwahi kumwona akijuta. Mzee Kimeu hakunisifu hata siku moja. Alihamia nasi kule nyuma, akanywa chai yake ya kwanza, akasema ni baridi.

Sasa tuje kwenye gauni lako. Fundi wako alifumua mshono, hakukata kitambaa. Angekuwa hajali, angeuacha na kasoro yake, nawe ungeenda nao hadi uzeeni. Nakuambia waziwazi, kwa sababu sitaki ukisie: kitu unachokipenda usikitie gundi kabla watu watakaokitumia hawajakigusa. Anayekuuliza upepo unatoka wapi si adui yako. Na ukikosea, lia kama utalia, lakini lia kisu kiko mkononi na kazi inaendelea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi nimejenga na kubomoa vibanda vya kuchezea tangu siku ile mpaka mvi hizi, watu bado wananicheka, na sijaacha.

Shika kitofali hiki. Ni kimoja cha vile vya siku ile, tazama kovu la gundi ubavuni. Kitie kwenye mkebe wako wa nyuzi, na kesho saa mbili uwe mlangoni kwa fundi na gauni lako mkononi, umeshamsalimu kabla hajakuuliza ulikuwa wapi. Mungu aliyempa mama yangu moyo wa kubomoa ukuta wake mwenyewe akupe na wewe moyo huo huo, mwanangu. Akupe watu wa kukuambia vunja, na siku ukivunja, akupe mzee wa kurudi adhuhuri na msumeno.