Nyimbo za Chini Katika Nyumba ya Eda

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupiga kelele. Naimba katika bendi ya panki hapa Nairobi, ule muziki wa roki wa mayowe na spika za kupasuka, na wanaokuja kutusikiliza hurudi makwao masikio yakivuma. Lakini tangu Baba Mdogo Salimu, mume wa mama yangu mdogo, afariki, zilikuwa zikinijia nyimbo za polepole tu, za sauti moja na gitaa kavu lisilo na umeme, za kantri kama zile alizowapigia wageni katika hoteli za Diani maisha yake yote. Yeye ndiye aliyenifundisha gitaa nilipokuwa nikipelekwa Msambweni likizoni. Nikaamua kwamba albamu yangu ya kwanza ya peke yangu nitairekodi kwa gitaa lake, nyumbani kwake, ama niiache kabisa. Wenzangu katika bendi walinicheka. Mpiga ngoma wetu aliniuliza kama nimeanza kuzeeka.

Asubuhi na mapema nilipanda treni nikiwa na nguo chache na kinasa sauti kidogo. Nilisinzia kabla ya Voi, nikaamka naona udongo mwekundu, nikasinzia tena. Kuna mahali nilisikia gitaa kabisa, nikafumbua macho, nikakuta ni kijiko tu kinagonga glasi ya jirani yangu.

Miritini, reli inapoishia, nilichukua gari. Siku hizi si lazima uvuke kwa feri. Barabara ya Dongo Kundu inakupitisha juu ya maji, mikoko iko chini yako, na unatokea kusini kama mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma.

Ukunda nilishuka kununua sukari na majani ya chai, maana huwezi kwenda kwenye nyumba yenye msiba mikono mitupu. Dereva wangu, kijana wa bara, alinitazama viatu vyangu vya ngozi na nywele zangu zilizonyolewa upande mmoja.

"Sista, unaenda Diani kuparty ama?"

"Naenda Msambweni kukaa na mjane," nikamwambia. Alizima redio bila kuombwa.

Baada ya Mwabungo pilikapilika zilipungua, ikawa ni minazi, kisha mikorosho, kisha minazi tena. Nilijifunga leso moja kiunoni, nyingine nikajitanda kichwani, nikafika nikiwa mtu wa kwao.

Mama Mdogo Mwanasiti, mdogo wake mama yangu, alikuwa ameketi kitandani katika chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe, hana wanja wala hina. Alikuwa akikaa eda, na hakutoka nje ila kwa dharura.

"Shikamoo, Mama Mdogo. Makiwa."

"Marahaba, mwanangu. Tunayo. Ingia, ukae karibu."

Gitaa lilikuwa mvunguni, ndani ya mkoba wake. Nilipomweleza nililojia, alitazama mlangoni.

"Nyumba ya eda hii, Rehema. Gitaa likilia humu, majirani nitawaambia nini?"

"Basi nilichukue, nikalipigie kule ufuoni?"

"Na kutoka, lisitoke. Tangu yeye alipotoka, hakijapita mlangoni kitu chake."

Jioni ile nilikula mkate wa mofa nikijiona tayari niko kwenye treni, narudi na kinasa sauti kitupu.

Siku ya pili, baada ya sala ya Alasiri, wanawake waliokuja kumtazama walipokwisha kuondoka, Mama Mdogo aliniita. Alikuwa ameuvuta mkoba, ameufungua. Juu ya nyuzi kulikuwa na kipande cha leso kuukuu, kimekunjwa kikawa chembamba.

"Wakijua wewe hiki?"

"Sikijui."

"Akirudi kutoka hotelini, mimi nimeshalala. Alikuwa akikitia hapa, chini ya nyuzi, apate kupiga asiniamshe."

"Na ulikuwa huamki?"

"Nilikuwa macho siku zote. Sikumwambia, angaliacha."

Alikisukuma kile kipande mahali pake kwa kidole, akanipa gitaa. Niligusa uzi mmoja. Sauti ilitoka imefunikwa, laini, ikaishia kwenye pazia.

"Humu chumbani tu," akasema. "Ikifika barazani, basi."

Siku zilizofuata siwezi kuzitofautisha. Nilikaa kwenye mkeka, yeye akichambua mchele, nami nikijifunza kuimba bila kupiga mayowe, jambo lililokuwa gumu kuliko nilivyodhani. Kila nilipopandisha sauti alinyanyua macho tu. Adhana ikianza tunanyamaza, ikiisha tunaendelea. Joto lilikuwa jingi, pazia likipumua taratibu, na mara nyingine sikujua kama naimba au naota kwamba naimba.

Wimbo wa mwisho haukuwa wangu. Baba Mdogo aliutunga alipokuwa akimposa Mama Mdogo, kuhusu mikorosho inapotoa maua. Nilianza vizuri, nikafika katikati, nikapotea. Hapo Mama Mdogo, kichwa kimeinama kwenye ungo, akaendelea. Aliimba chinichini, maneno ambayo sijawahi kuyasikia, nami nikamfuata kwa gitaa hadi mwisho. Nilikuwa nalia.

"Umenasa?" akauliza.

"Nimenasa."

"Futa, mwanangu."

"Mama Mdogo, hakuna atakayejua ni wewe."

"Nitajua mimi. Eda haijesha, nami nasikika nikiimba? Na maneno yale alinipa mimi. Wageni hakuwaimbia."

Sijawahi kunasa sauti nzuri kama ile, na najua sitapata nyingine. Niliifuta mbele yake, naye akanishika mkono. Kisha nikaupiga wimbo upya, na nilipofika katikati nilifunga mdomo, nikaliacha gitaa lipite peke yake.

Asubuhi ya kuondoka nilirudisha gitaa mvunguni. Mama Mdogo alichomoa kile kipande cha leso akanifumbatisha.

"Hiki na kitoke," akasema.

Njia yote ya kurudi nilikifumbata. Nilikuwa nimeondoka nikidhani kuimba chini ni kupunguza sauti tu. Sasa najua unamwimbia mtu aliye karibu, aliyelala au anayejifanya amelala.

Nairobi, wenzangu walikaa sakafuni wakasikiliza albamu yote, na hakuna aliyecheka. Wimbo wa mikorosho ulipokwisha, mpiga ngoma aliurudisha nyuma.

"Hapa katikati ulisahau maneno?"

"Sikusahau," nikamwambia. "Mwenye maneno bado anakaa eda."