Mgeni Rasmi Amekwama Mlangoni

Juzi tulikutana waunda programu katika hoteli moja hapa Nakuru, kufundishana jinsi ya kubuni mifumo ukimfikiria mtumiaji kwanza. Chai ilikuwa nzuri. Nilipotoka nje kupokea simu, nikamkuta mama mmoja, mkulima wa viazi kutoka Kuresoi, amesimama mbele ya meza ya usajili.

"Mathe, skani tu hii alama na simu yako, fomu itafunguka," msichana wa mezani alimwambia kwa upole.

Mama akatoa kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, akaigeuza mbele na nyuma ili msichana aione vizuri. "Hii haina kamera. Lakini mliniita nizungumze. Kitambulisho ni hiki."

"Mfumo haukubali kitambulisho, mathe."

Mama akageukia bango kubwa la kongamano pale mlangoni. Lilikuwa na picha yake mwenyewe, amekumbatia viazi, anacheka. "Na huyu," akauliza, "yeye aliskani na nini?"

Kutoka ukumbini nikasikia mwenye kipaza sauti akiomba radhi kwamba mwakilishi wa wakulima bado hajafika, "na mnajua watu wetu na saa." Watu wakacheka.

Nikamwambia mama twende, nikamwingiza mwenyewe. Sikumwambia mfumo ule wa usajili niliuunda mimi. Jioni ulinitumia ripoti yake: kila aliyejaza fomu aliingia bila shida yoyote.