Mazoezi ya Kinanda cha Mdomo Kwenye Mto wa Mchanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikunywa soda kabla ya kupiga kinanda, na tangu hapo sijarudia. Ilikuwa Makindu, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nami nilikuwa kijana wa Kalamba niliyeajiriwa kwenye gari la matangazo la kampuni moja ya sabuni. Kazi yangu ilikuwa kupiga kinanda cha mdomo, kile kidogo kinachoshikwa kwa viganja viwili, ili watu wa soko wasogee. Wakishasogea, Msimamizi wa Gari anasimama na kueleza sabuni. Tulikuwa watatu tu: Msimamizi, dereva Kimeu na mimi.

Jua lilikuwa kali, koo limekauka, nikanunua soda na kuimaliza. Wimbo ulianza vizuri. Halafu tundu moja likakwama, na la pili. Nikivuta hewa, kimya. Nikipuliza, kimya.

"Hiyo ni kinanda ama ni kichana?" mtu mmoja akapaza sauti.

"Mrudishieni mamake, bado ananyonya!"

Watu walicheka vizuri, kisha wakaenda zao. Msimamizi alikuwa mtu mzima wa Kitui, aliyejifunza kinanda jeshini, na hakuwa mtu wa kelele. Alinikalisha kwenye ngazi ya gari.

"Kyalo, umekunywa nini?"

"Soda, bwana."

"Sasa ulitaka kuita watu ama nzi?"

Akafungua kinanda kwa bisibisi ndogo, akanionyesha ndani. Kuna kitana cha mbao chenye vyumba vidogo, na juu na chini yake bamba mbili zenye vijilimi vya shaba, vyembamba kama ukucha wa mtoto. Ukipuliza, kijilimi kimoja kinatikisika. Ukivuta, kingine kinajibu. Mate yenye sukari yakikauka juu yake ni gundi. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kinywa cha mpigaji ni sehemu ya chombo, nacho huoshwa kwanza. Kila tulipopita Makindu tulialikwa chakula kwenye hekalu la Masikh, kama wasafiri wengine. Kimeu anakula dengu na chapati hadi anafungua mshipi, mimi nasubiri nje hadi kazi iishe.

Vijana huniuliza: mpigaji afanye mazoezi mara ngapi? Jibu langu ni lile nililopewa na Msimamizi. Kila siku, asubuhi na jioni, muda mfupi. Ukipiga mfululizo mchana kutwa, midomo inavimba na unajifunza makosa yako tu. Ukiacha wiki nzima, midomo inalainika, pumzi inakuwa fupi, na ulimi unasahau kuziba matundu usiyoyataka. Nusu saa ya kila siku inashinda Jumamosi nzima.

Na kabla ya kusimama mbele ya watu, kuna kupasha moto. Kwanza chombo chenyewe. Asubuhi za Nuu, upande wa Mwingi, zina baridi ya kushangaza mtu aliyezoea joto la mchana la huko, na chuma baridi hukusanya unyevu wa pumzi hadi vijilimi vinashikana. Kwa hivyo unakiweka kinanda kwapani, chini ya shati, hadi kifikie joto la mwili. Wakati huo unavuta pumzi bila chombo, tumbo likijaa kabla ya kifua. Kisha unaanza sauti ndefu: tundu moja, pole pole, unapuliza hadi sauti isitetemeke, halafu unavuta kwa urefu uleule. Unashuka matundu ya chini, ambayo ni mazito na yanataka subira, kisha unapanda ya juu. Mwisho unapiga nusu ya wimbo wako, halafu unaachia hapo.

"Kwa nini nusu?" nilimuuliza Msimamizi.

"Ile nusu nyingine ni ya watu. Ukijimalizia peke yako, utawapelekea makombo."

Miaka yote niliyokuwa barabarani, mazoezi yangu yalikuwa ya upweke. Kimeu hakutaka kuyasikia. "Mwanangu, piga wimbo ama unyamaze," alikuwa akisema. "Hiyo sauti moja moja ni kama mbuzi amefungwa." Basi naenda nyuma ya maduka, ama kando ya reli, nakaa na vijilimi vyangu. Mbali na Msimamizi, ambaye alikuwa mkubwa wangu, hakuna mpigaji mwingine niliyewahi kukutana naye kwenye njia zetu, wa kumwambia, sikiliza hapa, sawasawa? Mpiga ngoma ana wenzake. Mwimbaji wa kwaya ana kwaya. Mtu wa kinanda cha mdomo ana viganja vyake.

Nilipooa, jambo hilo lilizidi. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, na kwake kinanda kile kilikuwa chombo cha dansi na pombe. Siku tulipopeleka mahari alinitazama bila hasira, akasema, "Binti yangu mchukue. Lakini hicho kitu kisilie katika boma anapolala." Nilikubali mbele ya wazee, na mke wangu aliketi pale akisikia.

Likizo yangu ilikuwa wiki moja baada ya miezi kadhaa. Likizo ya kwanza nililiheshimu neno la mzee kabisa, sikugusa kinanda. Niliporudi kazini Msimamizi alinisikiliza kidogo tu.

"Umetoka nyumbani ama hospitali?"

Likizo zilizofuata nikapata njia: chini ya boma letu kuna mto wa mchanga, ule wa maji siku chache baada ya mvua na mchanga mtupu mwaka mzima. Nilikuwa nateremka alfajiri, nafanya mazoezi chini ya ukingo, narudi chai imepoa. Boma halikusikia kinanda, na midomo yangu haikulegea. Niliona nimewaridhisha wote. Binti yetu Ndinda alipoulizwa shuleni baba yake anafanya kazi wapi, alisema, "Mtoni."

Mama Ndinda hakunigombeza. Aliniambia mara moja tu, akinimiminia ile chai iliyopoa, "Unakuja wiki moja, na saa nzuri ya asubuhi unaipatia mchanga."

Nikamwambia kazi ndivyo ilivyo. Kazi ndivyo ilivyokuwa kweli.

Ikafika miaka ya themanini, na kaseti. Kampuni nyingine zilifunga spika mbili juu ya gari na kuzungusha kanda mchana kutwa; kanda haili wala haiendi likizo. Siku moja Msimamizi, ambaye alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, aliniita kando.

"Kyalo, Meneja wa Mauzo anakuja Makindu soko la wiki ijayo. Anataka kusikia kama bado tunahitaji mtu, ama kaseti itatosha. Likizo yako imeangukia hapo kabla. Nenda uone watoto, lakini urudi na pumzi."

Nilielewa. Ndinda alikuwa sekondari, na wadogo zake wawili walikuwa wakimfuata. Sikuwa na kazi nyingine mikononi.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekosa. Asubuhi ya kwanza nilishuka mtoni, kinanda kwapani, nikakuta mahali pangu pamejaa. Wanawake walikuwa wamechimba shimo kwenye mchanga, refu kupita mtu, na mmoja yuko chini anateka kwa kibuyu maji yanayochuruzika pole pole. Wengine walipanga foleni na mitungi na punda. Katika nchi yetu foleni ile ina sheria: hukati mstari, wala humharakishi aliye chini, kwa sababu ni mchanga unaomchelewesha. Mke wangu alikuwa katikati ya mstari.

Niligeuka nirudi. Sikuwa nimefika mbali.

"Baba Ndinda!" mama mmoja jirani akaita. "Unaficha nini kwapani, kuku?"

"Ni yai," mwingine akasema. "Anataka kulitotoa."

Walicheka hadi punda wakasogea. Nilisimama nikiwa sijui niende wapi. Bomani haikuwezekana. Mtoni kuna watu. Na Makindu ilikuwa wiki ijayo.

Mama Ndinda ndiye aliyesema. "Ni kazi yake. Mwacheni afanye kazi." Kisha akanigeukia. "Hapa si bomani. Fanya."

Nikakaa kwenye ukingo, nikaanza sauti ndefu. Nilikuwa nimepiga mbele ya masoko makubwa bila kuogopa, lakini asubuhi ile sauti ya kwanza ilitetemeka, nikaona aibu kama siku ya soda. Hakuna mtu anayefanya mazoezi mbele ya watu. Ni kama kuvaa nguo barabarani.

"Huu ni wimbo gani hauna miguu?" akauliza yule jirani.

"Bado," mke wangu akajibu. "Hapo anapuliza. Sasa atavuta, kwa urefu uleule." Nikavuta. "Sasa atashuka chini, kule kuzito. Huko hukaa sana." Nikashuka. Alikuwa anasema hatua kabla sijaifikia, mikono imeshika mtungi, macho yako kwenye shimo. "Akitoka huko anapanda. Halafu anachukua wimbo, anaufikisha hapo katikati, anauacha."

Niliufikisha katikati, na midomo ikaacha yenyewe, kwa mazoea.

"Ndiyo hapo," akasema. "Huwa unaachia hapo."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba upepo wa alfajiri hupanda kutoka mtoni kwenda bomani. Alikuwa amesikia kila asubuhi ya kila likizo. Watu wa Makindu na Nuu walikuwa na nyimbo zangu nzima. Mke wangu alikuwa na kupasha moto, na nusu. Nilitaka kuendelea, nimpe ile nusu nyingine pale pale. Lakini zamu yake ilikuwa imefika, na aliye shimoni hawezi kusikiliza kitu isipokuwa maji. Alishuka. Nilibaki nikiutazama mkono wake ukitoa kibuyu, ukirudi chini, ukitoa tena.

Wiki ile yote nilifanya mazoezi kando ya foleni. Wanawake walizoea, wengine wakawa wanaimba chini chini na sauti ndefu, kwa sababu zilikwenda sawa na mwendo wa maji. Baba mkwe aliambiwa, bila shaka. Alipokutana nami njiani alisema tu, "Nasikia mto umeanza kulia," akapita.

Makindu nilipiga vizuri kuliko siku zote. Meneja wa Mauzo alisikiliza akiwa ameegemea gari, akamwambia Msimamizi, "Huyu abaki mpaka gari lichakae." Gari lilikuwa la zamani lakini Kimeu alilipenda, akalifanya liende miaka mingine kadhaa. Lilipokufa nilipelekwa bohari ya Kitui kuhesabu makatoni, na hapo ndipo nilipostaafu mapema, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Hata bohari nilifanya mazoezi asubuhi na jioni, nyuma ya makatoni, ingawa hapakuwa na onyesho la kujitayarishia. Mwili hauulizi.

Nilirudi Kalamba nikiwa na mpango mmoja: kumpigia Mama Ndinda ile nusu nyingine. Baba mkwe alikuwa ameshazikwa, na wazee walionishuhudia walisema ahadi ilikuwa yake, imekwenda naye. Ningeweza kupiga bomani. Lakini Ndinda alikuwa amejifungua mapacha Nairobi, na mama yake alikuwa ameenda kumsaidia kwa muda. Muda huo umekuwa mrefu. Huja msimu wa kupanda na msimu wa kuvuna, na siku hizo nyumba imejaa kazi na wageni.

Msimu wa kwanza alipokuja, nilingoja hadi wageni wakaondoka. Alikuwa uani anapepeta pojo. Nilikuwa nimepasha kinanda, nikampigia wimbo mzima, ule ule, mwanzo hadi mwisho. Aliweka ungo chini akasikiliza kwa heshima, kama mtu aliyetembelewa.

"Ni mzuri," akasema. "Kweli ni mzuri. Lakini huu mzima siujui, Baba Ndinda. Piga ile ya mtoni."

Basi nikampigia sauti ndefu. Akachukua ungo wake akaendelea, na kila nilipobadilisha tundu alikuwa ameshaitikia kwa kichwa.

Kijana unayesoma haya, ukiwa na chombo chochote, jitayarishe kila siku, kwa muda mfupi, na usichukie upweke wake. Lakini kumbuka kwamba anayekaa karibu nawe atasikia mazoezi yako mara nyingi kuliko nyimbo zako. Basi yapige vizuri. Usiyafanye kama kitu cha kupitia tu ukielekea kwa watu wengine.

Alirudi Nairobi mbegu zilipokwisha ardhini. Nilimsindikiza hadi barabarani, gari likamchukua. Siku hizi sishuki tena mtoni. Nakaa uani jua likitoka, naosha kinywa, napasha kinanda, naanza na tundu la kwanza. Mlango wa jikoni nauacha wazi. Napuliza hadi sauti itulie, kisha navuta kwa urefu uleule, na nikimaliza nusu ya wimbo naachia hapo, naingia jikoni kujipikia chai.